Aliyefikisha Mfuko Mwanza

Kamati ya Mbio Ndefu za Ziwa
Mwanza
5 Septemba 1994

Ndugu Shimba,
Busisi.

YAH: MBIO ZAKO ZA MACHI 1952

Tafadhali rejea kichwa cha barua hapo juu.

Taarifa zilizofikia ofisi hii zinaonyesha kwamba mwezi Machi 1952, ukiwa tarishi wa serikali, ulibeba mfuko wa barua kwa miguu kutoka Geita hadi Mwanza, ukatoka jogoo la kwanza na kufika kabla jua halijazama siku hiyohiyo. Kwa barua hii unatakiwa kutoa maelezo kamili ya tukio hilo: saa uliyotoka, njia uliyopita, na majina ya walioshuhudia. Iwapo ulisaidiwa na mtu yeyote, mtaje.

Maelezo yafike kabla ya tarehe 30 Septemba. Kutojibu kutachukuliwa kuwa ni kukubali taarifa zilizopo.

E. Chenge
Karani, kwa niaba ya Katibu


Busisi
12 Septemba 1994

Ndugu Karani,

Naandika kwa niaba ya babu yangu, Mzee Shimba. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa na ndiye ninayemsomea barua zake.

Babu anasema hajawahi kukimbia. Tarishi alikuwa, ndiyo, lakini alitembea mwendo wa kawaida na mara nyingi alichelewa. Kuhusu Machi 1952, hakumbuki kama mwaka huo ulikuwa na Machi. Hakusaidiwa na mtu yeyote. Tena hayupo. Amesafiri kwenda kwa ndugu, nasi hatujui ni ndugu yupi.

Tunaomba jina lake liondolewe katika jalada lenu.

Rebeka Shimba


Mabatini, Mwanza
16 Septemba 1994

Mwalimu Rebeka,

Salamu. Barua hii naiandika chumbani kwangu, kwa karatasi yangu mwenyewe, na haina nakala ofisini. Nakuomba uisome hadi mwisho kabla ya kukasirika.

Hakuna anayemtafuta babu yako kwa ubaya. Kuna kiwanda kipya cha minofu ya sangara hapa mjini, na wenye kiwanda wamekubali kudhamini mbio za miguu kutoka Geita hadi Mwanza, tarehe 29 Oktoba. Kombe la mshindi litapewa jina la mkimbiaji wa masafa marefu aliye mkuu kuliko wote. Kamati ikaulizwa ni nani huyo. Tangu Julai hatujafanya kazi nyingine.

Ungekuwepo ungecheka. Antoni, fundi redio, anayesikiliza idhaa zote za ng'ambo, anamtaka Yiannis Kouros, Mgiriki, aliyekimbia kutoka Athene hadi Sparta mwaka 1984, karibu kilomita mia mbili na hamsini, chini ya saa ishirini na moja. Mjumbe mwingine anamtaka Bruce Fordyce wa Afrika Kusini, aliyeshinda mbio za Comrades mara tisa. "Mara tisa, waheshimiwa," husema kila kikao, kana kwamba kuna aliyebisha hesabu. Mama Akelo, anayewasemea watu wa Mara, hataki kusikia habari za wageni. Yeye ana Odero, aliyetoka Musoma hadi Shirati na dawa mkononi bila kulala njiani.

"Huyo Mgiriki wenu alipewa maji kila kona," alisema Mama Akelo. "Odero kila kona alikuta mamba."

Antoni akauliza Odero alipimwa kwa saa ya nani.

"Kwa saa ya mgonjwa. Alimkuta hai."

Ndipo Bwana Alexander, katibu wa kamati na mkuu wangu wa kazi, akakumbuka kwamba utotoni kwao Buhongwa watu walimsifu tarishi mmoja aitwaye Shimba, aliyepita njia hiihii ya mbio zetu. Ikaandikwa: kamati inampendekeza Shimba, baada ya uthibitisho.

Sasa nakueleza jambo ambalo sijamweleza mtu. Bwana Alexander aliniambia niandae maneno ya kombe. Niliogopa kuonekana mzembe. Asubuhi nikayaandaa, mchana nikayapeleka kwa fundi wa kuchora vyuma hapa Mabatini, na jioni kombe lilikuwa limekwisha kuandikwa: SHIMBA, MKIMBIAJI MKUU. Kesho yake Bwana Alexander akasema, "Kombe lisiguswe mpaka tupate uthibitisho." Nikajibu, "Ndiyo, Mzee." Kombe liko chini ya kitanda changu. Kabatini ofisini kuna kasha tupu.

Unajua hali ilivyo siku hizi. Kila ofisi inapunguza watu. Orodha yetu itabandikwa baada ya kikao cha tarehe 7 Oktoba, na mimi ndiye wa mwisho kuajiriwa. Mama na wadogo zangu wawili wako Misungwi, na wanaishi kwa kazi yangu hii. Karani aliyeharibu kombe la mfadhili hatatafutiwa sababu nyingine.

Kuhusu ukali wa barua ya kwanza, niliinakili kutoka barua ya zamani iliyoandikwa kwa mtunza stoo aliyepoteza matairi. Nilibadilisha jina na tukio tu. Niliona ndiyo lugha salama.

Tafadhali, kama babu yako alikimbia, na aseme alikimbia.

Elias Chenge


Busisi
20 Septemba 1994

Ndugu Elias,

Nimeisoma hadi mwisho, na nimekasirika vilevile.

Unajua barua yako ilifikaje? Ndani ya bahasha ya kaki iliyoandikwa Kwa Kazi ya Serikali, na Babu alikabidhiwa penye pantoni mbele ya wauza samaki wote. Nilipomsomea mpaka pale pa "iwapo ulisaidiwa na mtu yeyote, mtaje," alisimama, akachukua fimbo, redio na blanketi, akatoka. Ana miaka sabini na minne na mguu mmoja mbovu. Nilimfuata kwa baiskeli nikamkosa.

Mahali alipo sikutajii. Analala ghalani, juu ya magunia ya pamba, na chakula anapelekewa mlango wa nyuma. Bibi anaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Nina swali. Si langu, na mwenye swali amenikataza kumtaja. Mtu aliyekula kiapo mbele ya serikali ya Mwingereza, kisha akakivunja, je, serikali hii inaweza kumfunga? Na yule aliyemsaidia kukivunja?

Usinijibu kwa lugha ya matairi.

Rebeka


Mabatini
23 Septemba 1994

Mwalimu Rebeka,

Barua yako niliipata saa nne, na saa sita nilikuwa mahakamani. Rafiki yangu Venant, tuliyemaliza naye kidato cha sita, ni karani huko. Nilimuuliza kwa mbali, kana kwamba ni chemsha bongo ya gazetini.

Akaweka kalamu chini. "Elias, umefanya nini?"

"Si mimi."

"Wote husema hivyo."

Nilipomwambia ni jambo la mwaka 1952, alicheka mpaka hakimu akagonga ukuta. Kisha akanijibu vizuri. Miaka arobaini na miwili imepita. Aliyepokea kiapo alikwisha kufungasha akarudi kwao. Na jalada, hata kama liliwahi kuwepo, mchwa wamekwisha kulitolea hukumu.

Kwa hiyo hakuna atakayefungwa. Narudia, ili mwenye swali asikie mara mbili: hakuna atakayefungwa, wala aliyeapa, wala aliyesaidia.

Nami nakiri kwamba sasa naogopa zaidi kuliko mwanzo. Nilidhani tatizo langu ni mzee asiyetaka sifa.

Elias


Busisi
27 Septemba 1994

Mjukuu wangu Elias,

Nakusalimu: mwangaluka. Mkono ni wa Rebeka, lakini maneno ni yangu mimi, Dorotea Ng'washi, mke wa Shimba. Nimemkataza asiyanyooshe.

Zamani tarishi aliapishwa bomani. Aliinua mkono mbele ya Bwana D.C., akasema mfuko hautaingia mkono wa mtu mwingine, na ukiingia, yeye ataingia jela. Walimwambia hivyo, na aliamini.

Mwaka ule mvua zilikata barabara. Shimba alitoka Geita jogoo la kwanza. Mimi nilikuwa hapa Busisi na uji wake, maana ndiyo ilikuwa desturi yetu: anapita, anakunywa amesimama, anavuka. Siku hiyo alifika jua liko utosini, na mguu umevimba kama boga. Aliteleza kwenye mawe ya kijito. Alikuwa amekimbia hivyohivyo, sijui kwa muda gani, na hata kuingia mtumbwini hakuweza. Akalia. Hakuwa akiulilia mguu, alikuwa akiulilia mfuko.

Nikamwambia, "Vua shati."

Akasema, "La nini?"

"Vua, na kofia nipe."

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, Elias. Kwetu nilikulia nyuma ya ng'ombe, na ng'ombe wa baba yangu hawakuwa watu wa kutembea. Nilivuka, na kutoka Kigongo, ng'ambo ya pili, sikusimama. Nilipopita Buhongwa watu walitoka mashambani wakishangilia, "Shimba! Shimba!" Niliinamisha kichwa nikapita, maana ningejibu sauti ingeniumbua. Mwanza nikapeleka mfuko dirishani. Karani akaitazama lakiri iliyofunga mfuko, akaona ni nzima, akagonga mhuri. Uso wangu hakuutazama. Jua lilikuwa bado liko juu ya maji. Kesho yake nilirudi nyumbani polepole, nikila muwa.

Mguu wa Shimba haukupona vizuri tena. Kwa hiyo masika mawili yaliyofuata, kutoka Kigongo kwenda Mwanza mfuko ulikuwa wangu.

Sasa nikwambie kwa nini ameondoka. Wewe unadhani alijiogopea. Barua yako ilisema amtaje aliyemsaidia. Shimba hajui kudanganya akiulizwa uso kwa uso, na yeye mwenyewe anajijua. Akaenda kujificha ili asipatikane wa kuulizwa.

Rebeka amenisomea jibu lako mara mbili kama ulivyoagiza, kisha nikamwambia asome mara ya tatu. Usiku ule nililala mpaka kuku wakanishangaa.

Ukimaliza kusoma, choma.

Dorotea Ng'washi


Mabatini
1 Oktoba 1994

Bibi,

Shikamoo. Barua yako sijaichoma. Nimewasha kiberiti mara mbili, na mara zote mbili nimekizima.

Niruhusu nikueleze hesabu niliyopiga. Nikinyamaza, kila kitu kinakaa sawa. Kombe limeandikwa SHIMBA, Bwana Alexander anataka Shimba, na wazee wa Buhongwa waliona shati la Shimba likipita. Uthibitisho ni nusu ukurasa. Atasaini, nami nitalirudisha kombe kwenye kasha lake kabla mtu hajajua kwamba liliwahi kutoka.

Nikisema, Antoni atasimama na Mgiriki wake, Mama Akelo atasimama na Odero wake, na Bwana Alexander ataomba aone kombe.

Tatizo ni kwamba uthibitisho huo nitausoma mimi, nimesimama mbele yao. Nimejaribu hapa chumbani. Nikifika penye maneno "ndipo Shimba akafika Mwanza," karatasi naiweka chini. Sijasomeshwa sana, Bibi, lakini nimesomeshwa vya kutosha kujua kwamba hakufika yeye.

Hata hivyo siri ni yenu, si yangu. Ukisema nisiseme, sitasema. Nitawaambia sikupata uthibitisho, na kombe nitalieleza mwenyewe. Nakuomba unijibu kabla ya tarehe 7.

Mjukuu wako,
Elias


Busisi
4 Oktoba 1994

Elias,

Marahaba. Nilimtuma mtu kwa mzee. Amejibu, "Amuulize mwenyewe." Mwenyewe ni mimi.

Sema. Miaka yote hii wageni wanakuja hapa kumsifu mzee kwa miguu yangu, nami niko jikoni nawapikia. Nimechoka.

Ila useme pia kwamba Geita hadi Busisi ni yake, na ndiyo sehemu ndefu, tena nyingine aliikimbia kwa mguu uliovunjika moyo. Asije akanyimwa chake.

Dorotea Ng'washi

(Mimi Rebeka nimemuuliza mguu unavunjikaje moyo. Amesema nikikimbia nitajua. Kila la heri, Elias. Hapa hakuna aliyekula vizuri leo.)


Mabatini
8 Oktoba 1994

Bibi, shikamoo, na Mwalimu Rebeka, salamu,

Nawaandikia nikiwa nimeshiba. Naanza na hilo kwa kuwa ni mara ya kwanza tangu Septemba mosi.

Jana nilifika ofisini kabla ya wote, kombe nimelifunga kwenye gazeti. Bwana Alexander alipoingia nilikuwa nimesimama katikati ya chumba chake. Nilikuwa nimeandaa maelezo ya kurasa mbili. Yote yakapotea. Nikafungua gazeti.

Akasoma maandishi. Akaligeuza kombe, akasoma tena.

"Lini?"

"Septemba mosi, Mzee. Siku uliyoniambia niandae maneno."

"Kwa hiyo umelala na kombe hili wiki tano?"

"Nimelala juu yake, Mzee. Kulala kwenyewe sijalala."

Nikamweleza habari za Busisi zote, mfululizo, bila nukta. Kisha akasema alikuwa na miaka saba mwaka ule, na alikuwa mmoja wa waliotoka shambani kushangilia. Akasema, "Tulijiuliza kwa nini Shimba siku hiyo alikimbia vizuri namna ile. Baba alisema amepata dawa." Akainama mezani. Nilidhani amekasirika. Mabega yakaanza kutikisika, nikajua anacheka, na baadaye alipojifuta macho sikuwa na hakika kama ni kicheko peke yake.

Kikaoni nilisoma nimesimama. Nilipofika penye mtu wa pili, Mama Akelo alipiga meza.

"Basi imefutika! Watu wawili si mkimbiaji mmoja. Odero alikwenda peke yake."

Nikaendelea kusoma. Nilipotaja kwamba mtu wa pili alikuwa mkewe, akiwa amevaa shati lake, Mama Akelo aliketi.

Antoni akasema, "Mama ana haki, imefutika. Turudi kwa Mgiriki."

"Nani amesema imefutika?"

"Wewe, sasa hivi."

"Nilikuwa sijasikia habari yote. Kijana, soma tena hapo pa Buhongwa."

Nikasoma tena. Antoni akajitetea kwamba Kouros alikimbia mara mbili ya umbali huo. Mama Akelo akamuuliza Kouros aliacha nini jikoni. Mjumbe wa Fordyce akasema mara tisa. Bwana Alexander akamwambia, "Ndugu, masika matatu, mfuko baada ya mfuko, Kigongo hadi Mwanza. Hizo mara tisa zimepitwa bila medali hata moja." Yule ndugu akaanza kuhesabu vidoleni.

Sidhani kwamba tumejua mkimbiaji mkuu kuliko wote ni nani. Antoni hajabadili mawazo, na kusema kweli, nikiwa peke yangu, nadhani Mgiriki yule hana mfano. Lakini kamati imeamua hivi: jina la Shimba libaki, na chini yake liandikwe la Dorotea Ng'washi, kwa herufi za ukubwa uleule. Nafasi ipo. Mwenye kiwanda alipoelezwa kwa simu alisema kama ni hivyo wanawake nao wakimbie. Hatukuwa tumefikiria. Hadi jioni walikuwa wamejiandikisha wanne.

Kuhusu uchoraji wa mapema, imeandikwa katika kumbukumbu kwamba karani alichoresha kombe kabla ya idhini, akaonywa kwa mdomo, na kamati ikaridhia. Onyo lenyewe lilikuwa hivi: "Elias, siku nyingine ukiogopa, njoo uniogope mimi moja kwa moja."

Orodha ya wanaopunguzwa ilibandikwa saa tisa. Niliisoma kutoka chini kwenda juu, kisha kutoka juu kwenda chini. Watu sita. Simo. Mmoja wao ni mtunza stoo, baba wa watu, na furaha yangu niliitoa nje nikaenda nayo mbali asiione.

Tafadhali mwambieni Mzee arudi nyumbani. Na mwambieni kwamba anayeomba radhi ni aliyeandika ile barua.

Elias


Busisi
14 Oktoba 1994

Ndugu Elias,

Babu alirudi jana. Alikuwa Sengerema kwa dada yake. Sasa naweza kukutajia.

Bibi alifanya kama hana habari. Alisikia lori limesimama, akaendelea kupepeta mchele. Babu akaja akasimama mbele yake, pamba imemjaa nywelini. Akasema, "Kumbe hukufungwa." Bibi akasema, "Kumbe na wewe unajua kukimbia mpaka Sengerema kwa mguu huo." Mambo mengine waliyosema sikuyasikia, kwa sababu nilifukuzwa.

Tarehe 29 watavuka wote wawili. Bibi anataka wakimbiaji wapewe uji pale Kigongo, wanywe wamesimama. Mwambie Bwana Alexander kwamba hilo hakuliomba, ameliamua.

Nina jambo moja zaidi, halihusu mbio. Tangu utoto wangu nimezoea kwamba tukitembea na Babu, gari la serikali likitokea, anaacha njia na kuingia majanini mpaka lipite. Alisema ni vumbi. Hata masika alisema ni vumbi, nasi tulimwamini.

Leo asubuhi tulishuka naye mpaka pantoni kuulizia nafasi za siku ile. Gari la serikali lilikuwa kwenye foleni. Nikamshika mkono kama kawaida, tayari kwenda naye majanini. Akauchomoa. Alikwenda moja kwa moja mpaka dirishani, akaegemea mlango kwa viwiko vyote viwili, akamsalimia dereva. Akamuuliza kwao ni wapi, ana watoto wangapi, na safari ni ya kwenda wapi. Dereva alijibu kwa adabu mara ya kwanza, na mara ya pili akatazama saa.

Pantoni ilifika, magari yakaanza kuingia. Babu alitembea kando ya lile gari mpaka majini, mkono bado uko dirishani, akiwa hajamaliza kumuuliza.

Rebeka